Sauti Inasema Nini?

Mwaka 1987, daktari mmoja wa akili nchini Uholanzi, Marius Romme, alikubali kwenda kwenye runinga pamoja na mgonjwa wake, Patsy Hage. Patsy alikuwa amesikia sauti kwa miaka mingi. Zilimkataza kufanya hili na lile, zikamtenga na watu, na kufikia wakati huo alikuwa ameanza kuzungumzia kujiua. Dawa zilimpunguzia hofu, lakini sauti zenyewe hazikuondoka. Basi kipindini wakawaomba watazamaji kitu kimoja: kama kuna mtu mwingine anayesikia sauti, apige simu.

Simu zikamiminika. Watu kama 700 walipiga, na 450 hivi kati yao wakasema wanasikia sauti. Kilichomshangaza Romme ni kwamba karibu 150 walisema wanazimudu sauti zao. Baadhi hawakuwa wamewahi kumwona daktari wa akili maishani. Walikuwa wanaenda kazini, wanalea watoto, wanalipa kodi ya nyumba, na sauti ziko palepale kichwani.

Romme alikuwa profesa, si mwanafunzi. Alifundishwa, kama wenzake wote, kwamba sauti ni dalili, jinsi joto la mwili lilivyo dalili ya malaria. Ukishapima joto, unaandika dawa. Huulizi joto linasema nini. Patsy ndiye aliyembana. Alikuwa amesoma kitabu cha Julian Jaynes, mwanasaikolojia wa Marekani, kilichotoka mwaka 1976 na kudai kwamba watu wa kale walikuwa wakisikia miungu ikiwaamrisha kwa sauti kabisa. Patsy akamwambia daktari wake, kwa maneno yake, kwamba watu wanaamini Mungu ambaye hawajawahi kumwona wala kumsikia, kwa hivyo kwa nini yeye asiaminiwe kuhusu sauti anazozisikia kweli?

Nimekuwa nikifuatilia historia ya swali moja dogo: sauti inasema nini? Ni swali ambalo hata mtoto angeuliza. Lakini katika historia ndefu ya wazimu halikuulizwa sana, na lilipoulizwa, mara nyingi aliyeuliza alikuwa na nia yake.

Chukua kesi ya Joan wa Arc. Binti wa kijijini Ufaransa, alianza kusikia sauti akiwa na miaka 13 hivi, katika bustani ya baba yake. Baadaye alisema ni malaika Mikaeli na watakatifu Katarina na Margareta. Sauti zikamwambia aende akamsaidie mfalme dhidi ya Waingereza. Mwaka 1431, mjini Rouen, mahakama ya kanisa iliyokuwa upande wa Waingereza ilimhoji kuhusu sauti hizo kwa wiki nyingi. Zinakuja saa ngapi? Zinaongea lugha gani? Walimwuliza hata kama Mtakatifu Margareta anaongea Kiingereza, naye akawajibu kwa kuwauliza kwa nini aongee Kiingereza ilhali hayuko upande wao. Jibu la mtu ambaye akili yake iko timamu, ukiniuliza mimi. Walimchoma moto. Mwaka 1456 kesi ile ikabatilishwa, na mwaka 1920 kanisa likamtangaza mtakatifu. Sauti zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni nani ameketi kwenye kiti cha hakimu.

Karne kadhaa baadaye hakimu akampisha daktari. Hapo mwanzoni mwa karne ya 19, daktari Mfaransa Jean-Étienne Esquirol ndiye aliyelipa neno la maruweruwe maana ya kitabibu: mtu ana hakika kwamba anasikia au anaona kitu, na nje yake hakuna kitu cha namna hiyo. Hayo yalikuwa maendeleo, tusidharau. Ni afadhali kuitwa mgonjwa kuliko kuitwa mchawi. Lakini mgonjwa naye alipoteza kitu. Mwaka 1913, Mjerumani Karl Jaspers aliandika kitabu kikubwa cha tiba ya akili ambamo alitenganisha umbo la dalili na maudhui yake. Umbo ni kwamba unasikia sauti, na inakusema kana kwamba hupo. Maudhui ni maneno yenyewe inayokwambia. Jaspers mwenyewe alikuwa mtu wa kusikiliza sana, ila waliomfuata walishika umbo wakaacha maudhui. Kurt Schneider aliorodhesha aina za sauti ambazo daktari akizikuta anaweza kusema huyu ana skizofrenia: sauti mbili zinazobishana juu yako, sauti inayotangaza kila unachofanya, sauti inayorudia mawazo yako. Katika orodha hiyo, sauti ikikuita mwizi au ikikuita malaika ni mamoja.

Halafu dawa zikaja. Mwaka 1952, mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walianza kuwapa wagonjwa klopromazini, ambayo wengi walikuja kuijua kwa jina la Largactil. Wodi zilizokuwa na kelele zikatulia. Watu waliokuwa wamefungiwa miaka mingi wakaweza kurudi nyumbani. Nisingependa kuishi katika dunia isiyo na dawa hizo. Lakini dawa ikifanya kazi, daktari hana haja tena ya kuuliza sauti ilikuwa inasema nini. Na isipofanya kazi, anaongeza kipimo.

Huku kwetu historia hii inapitia mahali ambapo kila Mkenya anapajua hata kama hajawahi kupakanyaga. Sema jambo lolote la ajabu, mtu atakwambia unafaa upelekwe Mathari. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1910, pembeni mwa Nairobi, mahali ambapo hapo awali watu wenye ndui walikuwa wakitengwa. Ilijengwa kwa mantiki ya ukoloni: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Waafrika upande wao. Kuanzia 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa John Colin Carothers, daktari wa kawaida wa serikali ambaye alipokabidhiwa hospitali hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili.

Carothers aliandika sana. Mwaka 1953, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai kwamba Mwafrika haitumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, na akamlinganisha na Mzungu ambaye sehemu hiyo imekatwa kwa upasuaji. Soma tena sentensi hiyo polepole. Hoja hiyo haikutoka kwa mlevi wa baa ya walowezi, ilitoka kwa mtaalamu mwenye muhuri wa dunia. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Sasa fikiria Mkikuyu au Mluhya aliyeletwa Mathari akisema anasikia sauti. Kama daktari ameshaamua kwamba ubongo wenyewe una kasoro ya kabila zima, atauliza sauti inasema nini ili iweje?

Katika miaka hiyohiyo ya Carothers, Elijah Masinde alipelekwa Mathari. Masinde alikuwa Mbukusu wa Kimilili, mchezaji hodari wa kandanda aliyewahi kuichezea timu ya Kenya, aliyelelewa katika kanisa la Friends kisha akaachana nalo. Alijitangaza nabii wa Wele, Mungu wa Wabukusu, na akaongoza Dini ya Msambwa. Alisema Wazungu waondoke. Alipinga watu kulazimishwa kazi. Baada ya kukabiliana na watu wa serikali, mahakama ilimwona hana akili timamu, na mwaka 1945 akafungiwa Mathari. Alitoka mwaka 1947. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo Malakisi na kuua watu 11, na Masinde mwenyewe akahamishiwa Lamu, mbali kabisa na watu wake. Hata baada ya uhuru, serikali zetu wenyewe zilimrudisha jela.

Alichokuwa anasema Masinde kilieleweka na kila mtu kule Kimilili: ardhi, kazi ya lazima, mila zilizokanyagwa. Unaweza kukubali au kukataa. Lakini ukishamwita mtu mwendawazimu, hulazimiki kumjibu. Hiyo ndiyo faida ya neno hilo kwa mwenye mamlaka, na ndiyo maana mimi husita kidogo kila nikisikia mtu anaitwa kichaa kwenye mkutano wa hadhara.

Lakini kuna mahali papa hapa Afrika Mashariki ambapo lile swali halikupotea. Pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, kulikuwa na bado kuna ngoma za pepo. Mtu akipandwa na pepo, huyo mtu huitwa kiti, maana pepo amemkalia. Mganga hakimbilii kumfukuza. Kwanza anafukiza ubani, ngoma zinapigwa, kisha anaanza mahojiano. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Umekuja kwa nini? Unataka nini? Pepo hujibu, pengine kwa lugha nyingine au kwa sauti nzito isiyo ya mwenye mwili. Kuna pepo wa Kihabeshi. Kuna kibuki wa Unguja, wanaohusishwa na Madagaska, wanaopenda kutengewa brandi. Pepo anaweza kudai pete, au kitambaa cha rangi fulani, au achezewe ngoma yake kila mwaka. Makubaliano yakifikiwa, anapoa. Wanaanthropolojia wameandika kwamba walio wengi katika viti hivyo ni wanawake, na kwamba mara nyingi kinachodaiwa na pepo ni kile ambacho mwanamke mwenyewe hangeweza kumwomba mume wake uso kwa uso.

Sisemi pepo na maruweruwe ni kitu kimoja. Pepo huongea kupitia mdomo wa mtu na uwanja mzima unasikia. Sauti ninazozungumzia humwingia mtu masikioni na hakuna mwingine anayezisikia, wala hakuna anayepiga ngoma. Tena si kila mganga ni mwema, na wapo waliokula pesa za watu bure. Ninachosema ni kwamba mganga wa pepo alichukulia kwamba sauti ina jina, ina asili, na ina haja. Profesa wa Uholanzi alifika hapo mwaka 1987.

Nilikaa chuo kikuu miaka miwili kabla ya kuacha masomo. Mwaka wa pili, niliyeishi naye chumba kimoja hosteli alianza kulala na redio ikiwa imewashwa. Nikidhani anapenda tu muziki. Usiku mmoja stima ikapotea, redio ikanyamaza, akaketi kitandani akiziba masikio kwa mto. Nikamwuliza kuna nini. Akasema anamsikia mjomba wake. Mjomba ndiye aliyekuwa anamlipia karo, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kila akifungua daftari, mjomba anaanza kumhesabia: semista ya kwanza nilitoa hizi, ya pili nikatoa hizi, na wewe unalala. Alikuwa amefeli masomo mawili.

Kesho yake mambo yakaenda haraka. Msimamizi wa hosteli akaita wazazi. Wazazi wakaja na mchungaji, maombi yakafanywa palepale chumbani, mapepo yakakemewa. Wiki mbili baadaye akapelekwa hospitali, akadungwa sindano, akaandikiwa tembe. Mchungaji hakuuliza pepo huyo anasema nini. Hospitalini nako, aliniambia baadaye, aliulizwa kama anasikia sauti, akajibu ndiyo, wakaandika. Hakuna aliyejua ni mjomba. Hakuna aliyejua kuhusu karo. Siku hizi yuko kwao, anadungwa sindano kila mwezi, na anasema mjomba bado anaongea ila kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili.

Hebu sasa turudi kwa wale watu wa simu. Romme na mwandishi wa habari Sandra Escher waliwatumia maswali, kisha Oktoba 1987 wakawakutanisha Utrecht, wasikia-sauti na wataalamu ukumbi mmoja. Waliogundua namna ya kuishi na sauti ndio waliosimama kufundisha. Wengi walisema sauti zilianza baada ya jambo zito: ajali, kifo, talaka, ugonjwa, kudhulumiwa. Waliozimudu hawakuwa na sauti tamu kuliko wenzao sikuzote. Tofauti ilikuwa kwamba walijua sauti zao ni za nani au zinahusu nini, walikuwa na watu wa kuzungumza nao, na waliweza kuziwekea mipaka. Mmoja anaweza kuiambia sauti, nitakusikiliza saa mbili usiku, sasa niko kazini.

Kutokana na hapo Romme na Escher walitengeneza mahojiano maalumu. Ni maswali ya kawaida sana. Ilianza lini, na wakati huo kulikuwa kumetokea nini? Ni ya mwanamume au mwanamke, ya mzee au mtoto? Inafanana na ya mtu unayemjua? Inakuja ukiwa na hasira, ukiwa peke yako, ukiwa na njaa? Inakwambia nini hasa? Mwishoni anayehoji na anayehojiwa wanatafuta pamoja majibu mawili: sauti inamwakilisha nani, na inabeba tatizo gani.

Mwingereza Eleanor Longden alieleza safari yake kwenye hotuba ya TED mwaka 2013. Alikuwa mwanafunzi wa chuo sauti ilipoanza, tena kwa upole, ikitaja tu alichokuwa akifanya. Alipoanza kuiogopa, na walio karibu naye wakaiogopa, ikageuka kali na ikaita wenzake. Alipitia hospitali na jina la skizofrenia. Kilichomsaidia mwishowe ni kuona kwamba sauti kali zaidi zilihusiana na mambo yaliyomuumiza zaidi, mambo ambayo hakuwa amewahi kuyasema. Alirudi chuoni akasomea saikolojia.

Sayansi ya ubongo nayo haipingani na hayo. Mwaka 1993 watafiti wa London walipima damu ubongoni mwa watu wakati wakisikia sauti, wakakuta imeongezeka katika eneo la Broka, ambalo tunalitumia kutengeneza maneno. Yaani wakati mtu anasikia, ubongo wake unaonekana kama unaongea. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ni maneno ya ndani, yale ambayo sote tunajisemea tukioga au tukikumbuka deni, lakini ubongo umeshindwa kuyatambua kuwa ni yake. Kama ni hivyo, basi mjomba yule wa hosteli alitengenezwa kwa hatia ambayo rafiki yangu alikuwa nayo tayari.

Mahali nako kuna mchango wake. Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann na wenzake waliwahoji watu 60 waliokuwa na skizofrenia, 20 California, 20 Accra, 20 Chennai, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Uingereza la tiba ya akili mwaka 2015. Wamarekani walisema sauti zao ni ugonjwa, ni uvamizi, na nyingi zilizungumzia ukatili. Chennai wengi walisikia jamaa zao wakiwaagiza: oga, pika, nenda dukani. Accra wengi walisema ni Mungu, na wengi walioulizwa huko waliona uzoefu wao kuwa mzuri kwa jumla. Wote 60 ni wagonjwa, wote wanahitaji matibabu. Lakini sauti hujifunza tabia za nyumba inamoishi.

Kuna watakaosoma haya waseme basi dawa zitupwe, tukae tukiongea na sauti. La hasha. Kuna sauti zinazomwamuru mtu ajikate, au aruke kutoka ghorofani, na mtu wa hivyo anahitaji hospitali leo, si mazungumzo kesho kutwa. Hata harakati ya Romme ina wakosoaji wake, na wanachokiogopa ni mtu aache tembe ghafla kisha aharibikiwe. Wana haki ya kuogopa. Upande wa pili, mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi kama 60, Kenya ikiwemo. Wengine hufungwa nyumbani, wengine mahali pa maombi. Mnyororo unamzuia mtu asitembee. Sauti anabaki nayo hapohapo alipofungwa, usiku na mchana, bila redio.

Mwaka huohuo, jopo lililoundwa na serikali yetu lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya afya ya akili nayo ikarekebishwa mwaka 2022. Ni hatua. Lakini maswali ya Romme yanahitaji muda na mtu asiye na haraka, na yeyote aliyewahi kumsindikiza mgonjwa kliniki ya akili katika hospitali ya kaunti anajua daktari ana dakika chache na watu wamejaa hadi nje.

Kwa hivyo mtu wako akikwambia anasikia sauti, usianze kubishana naye kama ipo au haipo. Kwake ipo. Usimcheke, usimwambie hiyo ni ya Mathari. Mwulize kwanza kama inamwambia ajidhuru au amdhuru mtu, na akisema ndiyo usimwache peke yake. Mpeleke hospitali, na akiandikiwa dawa msaidie kuzifuata. Na mkiwa pale kwenye benchi, mwulize ilianza lini, na inafanana na ya nani. Foleni ni ndefu. Mtapata muda.